Siku Niliyowapongeza Wenye Huzuni

Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka, na sijui kwa nini nawasimulia ninyi, labda kwa sababu najua mtanionea haya pamoja nami. Ilikuwa miaka ile watu wa asili ya jimbo la Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao hapa Kolwezi, wakajazana stesheni kungoja treni ya kuwarudisha kwao, nayo haiji, wanalala nje na magodoro yao, masufuria, cherehani, wagonjwa. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya Biblia (mwaka mmoja tu, lakini mngenisikia mngedhani ni kumi), na Jumapili hiyo tulikwenda kuwapelekea bukari, ugali wa kwetu, mchungaji wetu akaniambia, "Soma, omba, shuka. Batu banachoka."

Si ningesoma, nikaomba, nikashuka! Lakini nilikuwa nimevaa koti la kaka yangu, nimepanda juu ya kreti ya bia, na neno moja la Kigiriki linaniwasha ulimini, kwa hiyo nilipofika pale Yesu anaposema wenye huzuni wana heri, nikafunga kitabu nikatangaza kwamba heri ni neno dogo, Kigiriki chenyewe ni makarios, yaani mtu wa furaha kamili, wa kupongezwa, asiyepungukiwa na kitu. (Asiyepungukiwa! Mbele ya watu wanaogawana maji kwa kopo.)

Mzee mmoja akaniita baba kwa lugha ya kwao, akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Tata, leo weye utalala wapi?"

"Kwetu," nikajibu, na badala ya kushuka nikadhani nikiongeza bidii nitawapata, nikawaambia kila mtu amgeukie jirani yake ampe hongera. Hakugeuka mtu. Basi nikateremka mwenyewe kuwaonyesha mfano, nikamwendea mama aliyekaa mbele kabisa na mtoto mchanga ndani ya kitenge, nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Hongera, mama! Makarios! Nipe huyu mwenye heri nimubariki." Nikanyoosha mikono. Akanipa.

Mtoto alikuwa baridi.

"Alikufa asubuhi," mama akasema. "Nilikuwa nangoja umalize, tumuzike."

Nilisimama pale, mikono ya koti imenifunika vidole, nimembeba mtoto wa mtu niliyetoka kumpongeza, mpaka mchungaji akanishika kiwiko. Nilitaka kumrudisha, mama akatikisa kichwa. "Beba weye. Mi mikono imechoka."

Tulimzika ng'ambo ya reli, kwa koleo la kuazima. Mama aliitwa Kapinga, mtoto Ntumba. Udongo ulipokwisha kusawazishwa akaniuliza, "Ile neno yako, juu ya Ntumba inasema nini?"

"Sijui, mama."

Akakaa chini, nami nikakaa kando yake mpaka jua likazama. Treni ilipokuja hatimaye akapanda, sikumwona tena.

Siku hizi mchungaji ni mimi, na nimesoma kwamba neno lile si furaha ya moyoni hata kidogo, ni Mungu kuwa upande wa mtu, na huenda ni kweli, lakini penye msiba mimi sitafsiri tena. Nafika, nauliza kwanza nani amekufa, halafu natafuta mahali pa kukaa.