Aliyeita zimamoto ndiye analipa?

Leo nimejua: gari ya mutu ikiwaka moto, usiguse simu yako.

Nilikuwa nashuka mtaa wa Mutanga Sud na jirani yangu Hassani, kwenye gari yake. Moshi ukaanza kutoka mbele, kidogo, kisha mwingi. Tukaruka inje.

Hassani anapiga kelele: "Ita zimamoto! Simu yangu haina unite za kupiga! Ita tu, mi nitalipa!"

Nikapigia kampuni moja ya ulinzi yenye gari ya zimamoto. Wakafika mbio, wakazima. Kapo tu, kile kifuniko cha injini, ndiyo iliungua. Watu wanapiga makofi, na mi napiga picha, nafurahi kama mujinga.

Kisha mukubwa wao akatoa fakitire, karatasi ya malipo: "Nani aliita?"

Nikamuangalia Hassani.

Hassani akaangalia viatu vyake.

"Ni yeye," anasema, kidole kwangu. "Mi sikuita mutu. Ule moto ungezimika na mchanga."

Wallahi! Mutu tuliyefuturu naye sahani moja Ramadhani nzima!

Nikalipa. Yeye, gari yake ikavutwa mpaka garaji, akakaa ndani, hata "panda" hakusema. Nikarudi na miguu.

Sasa hivi naona statut yake ya Facebook: "Alhamdulillah, gari imepona. Moto nimeuzima mwenyewe."

Picha ni ile nilimutumia mi, kabla fakitire haijatoka.

Na nyinyi mumeshamuandikia, "Pole, shujaa wetu."

Nimeona majina yenu.