Foleni ya Maji ya Mama Achol

Mwaka 2012 nilisafiri kutoka Lodwar hadi Kakuma kumwomba radhi mwanamke mmoja. Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alizoea kuja mjini kwetu kununua samaki wakavu, na Jumapili akisali nasi. Siku moja mwanawe alilia nikihubiri juu ya upendo. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, toka naye, tusikie Neno." Alitoka, asirudi tena.

Alfajiri nilipanda lori la unga. Barabara ya siku zile ilikuwa mashimo matupu. Tuliketi juu ya magunia tukiimba, vumbi likitujaa mdomoni, na hadi leo naitamani asubuhi ile. Mfugaji mmoja alinicheka: "Mzee, safari yote hii kwa sababu ya mtoto kulia?"

Saa sita mchana, kambini Kakuma, nilimkuta Mama Achol kibandani akikaanga mandazi, mtoto mgongoni.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mzee. Kumbe njia ya huku unajua."

Nilipotaka kusema yaliyonileta, akanizuia. "Maneno ngoja. Wateja ndio hawa, na mitungi yangu iko kwa foleni. Nenda unisimamie. Saa nane mfereji unafungwa."

Mferejini watu walisukumana na kutukanana. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha upendo. Alikuja bibi mwenye fimbo, nikampisha. Akaja mjamzito, nikampisha. Wengine wakaona, wakajipanga mbele yangu.

"Papa, utapitisha bote?" akauliza msichana wa Kikongo.

"Ni upendo, binti yangu," nikajibu, moyo umejaa raha.

Zamu yangu ilipofika, maji yalikatika.

Nilirudi na mitungi mitupu. "Niliwapisha wenye shida," nikaeleza.

Mama Achol aliitazama mitungi, kisha akanitazama mimi. "Uliwapa nafasi yangu, Mzee. Ya kwako ulitoa nini?"

Niliitua mitungi chini. "Nisamehe," nikasema, "kwa leo na kwa Jumapili ile."

Mama Achol aliinamisha ndoo, akayamimina sufuriani maji yaliyobaki, akapika chai.

"Mama, siwezi. Mtakunywa nini?"

"Jirani yuko. Wewe kunywa. Ukikataa, umenitoa nje tena."

Nikanywa yote.

Kesho yake, kabla ya lori la kurudi, niliwahi mferejini. Kwetu Turkana mwanamume wa umri wangu hachoti maji. Nilipopita na mitungi yake miwili iliyojaa, vijana wa kwetu walipiga mbinja: "Mzee ameolewa!" Nami nikacheka, nikaendelea hadi kibandani.

"Jumapili ya samaki nitakuja kusali," akasema Mama Achol akiipokea. Na alikuja, miezi mingi, hadi aliporudi kwao. Hadi leo, kila ninapojiona mwema, huangalia kwanza ni nani anayekosa kwa sababu ya wema huo.