Majabali ya Kaskazini Ambayo Sikuyachora

Nilizaliwa Jeddah, mtaa wa Al-Safa, kwa wazazi wenye asili ya Unguja, na hadi leo naishi humo kwa ikama, kibali cha ukaazi kilicho mkononi mwa kafili wangu, yaani mdhamini, kampuni ya Riyadh ya kupima miamba. Nilipoalikwa kuchora ramani ya miamba ya kisiwa kimoja karibu na Ncha ya Kaskazini, nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka na mchanga. Mama hakufurahi.

“Ruhusa yako ya kutoka na kurudi ikikwisha nawe ungali huko, hawakurejeshi tena,” alisema. “Nami hapa nitabaki na nani?”

“Nitawahi, mama.”

Riyadh, meneja alinipa ruhusa fupi. Nilipoomba nyongeza alijibu, “Mafi. Halas.” Hakuna, basi. Nikaondoka roho juu.

Kisiwani tulifika kwa meli ndogo. Hapakuwa na mti wala nyumba. Jua lilikataa kutua, nikawa naswali kwa saa za Jeddah na kulala kwa kuibia. Nilikabidhiwa pwani ya kusini na majabali ya kaskazini. Kusini nilivunja jiwe la chokaa nikakuta matumbawe ndani yake, kama yale ya kuta za nyumba zetu kongwe za Jeddah. Barafu miguuni, bahari ya joto mkononi! Tabaka lile lilielekea kaskazini, na nilitaka kujua linaishia wapi.

Kabla sijalifuata, barafu ilianza kuingia ghubani. Ingrid, kiongozi wetu, alituita.

“Meli inaondoka leo. Atakayebaki atangoja barafu ifunguke.”

“Itafunguka lini?”

“Sijui. Baki, umalize kazi yako.”

Nikapanda meli. Njia nzima nilimkasirikia kafili, nikamkasirikia mama, nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

Uwanja wa ndege wa Jeddah, afisa alinipitisha bila kuinua uso. Nilikuwa nimewahi, na sikuona raha yoyote.

Ramani ilipokamilika niliitandaza sebuleni. Mama aliweka kidole juu kabisa, palipoachwa peupe.

“Hapa pana barafu?”

“Hapana, mama. Hapo pana ikama.”

Hakucheka. Safari ile imenifunza kwamba mtu anaweza kurudi kwa wampendao akiwa amewanunia, nao wakalijua hilo. Mama aliikunja ramani taratibu, akanirudishia.

“Mara nyingine omba ruhusa ndefu,” alisema. “Wakikunyima, nenda hivyo hivyo.”