Damu ya Fundi Chafya

Alikuwa seremala ambaye mwili wake haukutaka mbao. Wenzake karakanani walimwita Fundi Chafya tangu ujanani, kwa sababu mashine ya kuranda ikianza tu kunguruma, naye alianza. Alikuwa akijifunga kitambaa puani, anafuta macho kwa mkono wa shati, kisha anaendelea na kazi. Ukimwuliza kwa nini asitafute riziki nyingine, alikujibu kwamba mkewe anakoroma usiku kucha na bado hajamwacha.

Na kazi aliijua. Mlango alioufunga yeye uliusukuma kwa kidole kimoja, ukaingia mahali pake bila kulalamika. Ndiyo maana taasisi moja ya utafiti wa magonjwa ilipotaka makabati mapya, iliambiwa imwite yeye.

Siku ya kufunga makabati hayo alikuwa amepiga magoti kwenye korido, akipunguza ukingo wa mlango uliovimba, chafya zikampata. Zilikuja mfululizo mpaka akaweka randa chini na kushika ukuta. Mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe, aliyekuwa akipita na sinia la vichupa, alisimama. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na maswali mengi. Alitaka kujua kama ni mbao zote au baadhi tu, kama kifua nacho hubana, na kama kuna mwingine nyumbani mwenye hali hiyo. Fundi akamwambia kuhusu binti yake mdogo, ambaye kifua kilimpiga filimbi tangu anatambaa.

Mtaalamu akaweka sinia juu ya kabati jipya na kumweleza kazi yake. Vumbi linapomgusa mtu mwenye mzio, alisema, pua na mapafu hutoa protini ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuita. Zinazoitwa ni chembe nyeupe za damu. Kwa mtu mwenye pumu chembe hizo huitika kwa wingi kupita kiasi, na zikishafika huumiza mahali palepale zilipokuja kupalinda. Yeye na wenzake walitaka kuujua wito huo vizuri ili siku moja uweze kuzuiwa. Lakini mwilini protini hiyo ni kidogo mno, kwa hiyo waliitengeneza wenyewe: walichukua jeni ya binadamu, wakaipandikiza ndani ya bakteria, wakawakuza kwenye chupa zinazotikiswa mchana kutwa, kisha wakawavunja na kuichuja protini hadi ikabaki yenyewe. Mwisho wa taabu yote hiyo ulikuwa unga mweupe usiojaza hata ncha ya ukucha.

Kasoro ilikuwa moja. Protini inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa bubu. Ili kujua kama inaita kweli, lazima ziwepo chembe za kuisikia, na chembe hizo hupatikana kwa wingi katika damu mbichi ya mtu mwenye mzio.

“Mtu kama wewe,” alisema mtaalamu.

Fundi alikunja mkono wa shati palepale, akaambiwa asubiri kwanza aelezwe haki zake. Akasikiliza yote kwa adabu, akakubali, kisha sindano ilipoingia akakaza macho darini kama anayekagua mbao za paa.

Kesho yake mchana walimwita aangalie kwenye hadubini. Chembe zake zilikuwa zimewekwa juu ya utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, protini ikawekwa chini yake. Fundi aliona vidoa vingi upande wa chini, vimejazana.

“Hizi ni zangu?”

“Zako. Jana zilikuwa juu. Zimejipenyeza zenyewe.”

“Kwa nini?”

“Zimeitwa.”

Alikaa na jicho pale muda mrefu, mpaka mtaalamu akadhani hajaelewa. Kisha akasema polepole, “Kumbe hawa ndio wanaomkaba mwanangu.”

Tangu siku hiyo, kila protini mpya ilipotoka, fundi aliitwa, na hakukosa hata mara moja. Alifunga karakana, akanawa gundi mikononi, akaenda. Mvua ilimkuta njiani, akafika ameloa na kuomba radhi kwa kulowesha sakafu. Akawa anaulizia habari za protini kama mtu anayeulizia mgonjwa: imeamkaje, imekubali, haikukubali. Mafundi wenzake walimtania kwamba anachumbia maabara. Mkewe alisema damu ya mumewe sasa ina cheo kuliko mwenyewe, maana yenyewe inapelekwa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi.

Lakini kifua chake kilikuwa kinaharibika. Daktari wa taasisi alimpima, akamweleza kwamba mapafu yameanza kubana. Akampa pampu ya dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, na akamsihi ajiepushe na vumbi. Fundi alishukuru, akaitia mfukoni.

Miezi ikapita, hali ikawa inazidi kushuka. Ngazi za maabara alizozoea kuzipanda akipiga mluzi, sasa alizipanda akipumzika kila zinapokata kona. Damu yake, kwa upande wake, haikuwahi kuwa nzuri kiasi kile. Chembe zilivuka utando kama nyuki. Mtaalamu alifurahia matokeo asubuhi, na kufika mchana furaha ikawa imemtoka. Fundi alipokuja tena, hakumfunga mpira mkononi. Alimwomba amwonyeshe jinsi anavyovuta dawa.

Fundi alisita, akaitoa pampu. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imeizunguka, haijachanika popote.

Mtaalamu aliipokea, akaigeuza mkononi. Fundi alitazama viatu vyake. “Daktari alisema dawa hii inazituliza zile chembe. Sasa zikitulia, nyinyi mtapima nini? Mimi nimeshakuwa mtu mzima, dada yangu. Mtoto ndiye bado mdogo.”

Mtaalamu alivuta kiti akakaa mbele yake. “Kaka, nisikilize. Kazi yote hii ni ili watu wapumue. Nikikuacha wewe ukose pumzi ili niifanye vizuri, nitakuwa nafanya kazi gani?”

Akairudisha sindano kwenye droo, akamwambia hatachukua hata tone mpaka ahakikishe anatumia dawa. Fundi alirudi nyumbani amenuna. Mkewe aliposikia kisa chote hakugombana naye. Alimwita tu binti yao, ambaye alikuwa na pampu yake mwenyewe na uzoefu wa miaka, akamwambia amfundishe baba. Mtoto akamsimamisha baba yake wima, akamwamuru atoe pumzi yote kwanza, avute taratibu, abane, asicheke. Alicheka, ikabidi arudie. Ikawa ndiyo desturi yao asubuhi na jioni, wamesimama bega kwa bega mbele ya kioo.

Akishaamua jambo, fundi hana nusu. Alitafuta feni kuukuu, mabomba na gunia zito, akatengeneza mtambo wa kunyonya vumbi kutoka kwenye mashine ya kuranda. Ulipowashwa mara ya kwanza ulilia vibaya mno, mafundi wakatoka nje kwa kicheko. Akaurekebisha, akauwasha tena. Upasuaji wa mbao akauhamishia uani. Baada ya muda hata waliocheka waligundua kwamba kikohozi chao cha kila asubuhi kimetoweka, wakawa wa kwanza kung’aka gunia lisipomwagwa.

Aliporudi maabara alipanda ngazi bila kusimama. Damu ikachukuliwa. Kesho yake alipoinama kwenye hadubini, aliona uwanja karibu mtupu, vidoa vichache tu pembeni.

“Nimeiharibu protini?” aliuliza kwa wasiwasi.

“Protini ni nzima, nimeijaribu kwa damu ya mtu mwingine ikaita vizuri sana. Ni wewe uliyepata nafuu. Kwetu sisi damu yako haifai tena.”

Fundi aliinua uso kutoka kwenye hadubini. “Yaani nimefukuzwa kazi.”

“Umefukuzwa,” alisema mtaalamu, na wote wawili wakacheka, ingawa fundi alijikuta akikitazama kile kiti cha kutolea damu kwa uchungu fulani.

Dawa ya kuuzuia wito ule haijapatikana, na wanaoitafuta bado wanaitafuta. Fundi hakuwaacha hivi hivi. Alimshawishi jirani yake mshona makochi, ambaye pamba humtoa machozi, akampeleka mwenyewe hadi mlangoni na kukaa naye mpaka sindano ikatoka. Kisha akaaga, maana kulikuwa na kabati la watu karakanani lililokuwa bado halina milango.