Pikipiki Isiyotoka Getini

Magdalene hajawahi kuchapwa na baba yake hata mara moja, na ukidhani hiyo ni bahati, basi hujaishi katika boma lile la Mwiki, Ruiru, ambako gereji iko mbele, vyumba viko nyuma, na katikati kuna kiwanja kidogo chenye geti la mabati linalofungwa kwa mnyororo hata mchana.

Sababu ya kutochapwa ni jina. Alikuwa binti wa kwanza, na kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Yeye alipewa lote, pamoja na hilo la ubatizo ambalo wasichana wa rika lake waliwaachia akina nyanya. Tena mtoto wa namna hii harithi jina peke yake. Anakuwa yule mwenye jina. Baba yake, fundi Kinuthia, alimwita Mami tangu siku ile walipotoka naye hospitali, yaani mama yangu, na jina lenyewe la Magdalene halikuwa limewahi kupita midomoni mwake, maana nani humwita mama yake kwa jina? Ndugu zake wakivunja kitu walilia. Yeye akivunja sahani, baba aliokota vipande huku akimwuliza, "Mami, hujajikata?" Hata mama yake mzazi, Rachael, akichoshwa na mambo yao humwita binti yake mama mkwe, na anacheka, lakini si mzaha mtupu.

Wakati shosho mwenyewe, yule nyanya mwenye jina, alikuwa hai, haya yalikuwa mambo ya kuchekesha. Kisha shosho akafa, na jina likawa zito.

Alikufa akiwa amebebwa na Kinuthia kwenye pikipiki. Walikuwa wanatoka ibadani Witeithie kwa barabara ya udongo, mbwa akakatiza kwenye kona, Kinuthia akashika breki ya mbele juu ya changarawe, na pikipiki ikalala. Yeye aliinuka na mkwaruzo wa kiwiko. Mama yake hakuinuka. Tangu siku hiyo Kinuthia hajapanda pikipiki. Anazitengeneza, tena vizuri kuliko mafundi wengi wa Mwiki, lakini za kujaribiwa barabarani hujaribiwa na wenyewe. Yeye huenda kwa miguu kila mahali, fundi wa pikipiki mwenye viatu vilivyoisha soli. Vijana wa bodaboda pale steji humtania, "Fundi, si ujitafutie hata baiskeli?" Yeye huwapungia mkono na kupita.

Na kama yeye hapandi, Mami atapanda vipi? Magdalene alijifunza ufundi kando ya baba yake tangu alipokuwa shule ya msingi, na sasa ni mwanamke mzima anayetambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu. Lakini kupanda kwake kulikuwa kwa kuzunguka kiwanja. Gia ya kwanza, gia ya pili, ukuta. Anapinda. Gia ya kwanza, gia ya pili, geti. Anapinda tena. Alichora namba nane katika kiwanja kile miaka na miaka, mpaka akawa anaweza kupinda mahali ambapo wengine hawawezi hata kugeuza mkokoteni. Gia ya tatu aliijua kwa kuitengeneza. Kuiendesha, hapana.

Mimi ningeruka ukuta, nakwambia wazi. Yeye hakuruka, kwa sababu ukuta ndio uliokuwa rahisi. Kilichomfunga ni ule upole. Angekuwa na baba wa kufoka, wangefokeana, wakanuniana wiki nzima, na mmoja wao angeshinda. Kinuthia hafoki. Hasemi hata hapana. Ukimwomba kitu husema, "Haya Mami, wacha tuangalie kwanza," na huko kuangalia hakuishi.

Siku moja alikuja mteja aitwaye Calvince kuchukua kebo ya klachi. Calvince hufundisha mbio za pikipiki kule Mugutha, kwenye shamba la kahawa lililong'olewa, lenye vilima vya udongo na mitaro. Alimkuta Magdalene akijaribu pikipiki ya mtu kiwanjani, akasimama kutazama.

"Manze, nani alikufunza kupiga kona hivyo?"

"Hii kiwanja."

"Kuja Mugutha basi. Tunaanza class ya beginners. Ni Saturday nne, halafu ya mwisho mnakimbizana kidogo tuone nani ni nani. Lakini lazima ukuje na pikipiki yako, mimi sipeanangi yangu. Na usibuy ile inakutisha. Nunua ile ukianguka utaiinua peke yako."

Magdalene hakulala vizuri baada ya hapo. Alimweleza baba yake kila kitu, bila kuficha neno mbio. Kinuthia alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena. "Haya Mami," akasema, "wacha tuangalie kwanza."

Magdalene akaanza kutafuta pikipiki, kwa akiba yake mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa Thika, kwa kijana mmoja aliyeitwa Ronny, mwenye mashine kubwa ya mashindano inayonguruma mpaka madirisha ya jirani yanajibu. Magdalene aliipanda na kukuta anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Alishuka, akailaza chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Ronny alipiga kelele kana kwamba ameona wizi. "Haiya! Unaangusha pikipiki ya watu?" Magdalene aliinama kuiinua. Aliisukuma mpaka jasho likamtoka, mashine ikabaki pale pale. Akamshukuru Ronny na kwenda zake, na mpaka leo Ronny husimulia habari za mwanamke mwendawazimu wa Ruiru.

Ya pili ililetwa gereji na mwenyewe. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, inapendeza macho. Kinuthia aliizunguka mara moja na kusema spea zake hazipatikani hapa, ikivunjika kitu kidogo utangojea mpaka usahau kwa nini uliinunua. Alisema kweli, na Magdalene alikubali. Hata alifurahi kidogo, akidhani baba amekubali kumsaidia kuchagua.

Ya tatu ilikuwa ya mwalimu mmoja, Nafuna, aliyekuwa akihama Thika kurudi kwao Bungoma. Pikipiki ndogo ya njia mbaya, injini yake ndugu ya zile za bodaboda, rangi imefifia, kiti kimeshonwa upya. Magdalene alipokaa, nyayo zote mbili zililala chini. Akailaza, akaiinua. Akailaza upande wa pili, akaiinua. Nafuna alikuwa akitazama akiwa mlangoni, akasema, "Wewe ni wa kwanza kuiuliza swali la maana." Magdalene aliinunua papo hapo, na roho yake ilikuwa nyeupe njia yote mpaka nyumbani, yeye na pikipiki yake nyuma ya pikapu.

Kinuthia aliikagua alasiri nzima. Alishika mnyororo, akatikisa magurudumu, akakanyaga breki. Hakupata kosa. Aliiwasha, akainamisha sikio, na uso wake ukawa wa mtu anayetafuta mlango.

"Kuna kasauti," akasema.

"Mimi siskii, Baba."

"Kako. Wacha nifungue niangalie."

Akafungua. Kufikia jioni injini ilikuwa katika masinia mawili, kipande kimoja kimoja, imeoshwa kwa petroli na kufunikwa gunia safi.

Sasa lazima uelewe jambo moja kuhusu gereji zetu. Aliyefungua injini ndiye huifunga. Si sheria ya serikali, ni adabu ya kazi. Kufunga injini iliyofunguliwa na mwenzako, bila yeye kukuambia, ni kumwambia mbele ya watu kwamba ameisha. Na ikiwa mwenzako huyo ni baba yako, aliyekushika mkono ukajua spana, utaanzia wapi? Kwa hiyo Magdalene alingoja. Kinuthia alisema anangojea ringi za pistoni. Ringi zikaja. Akasema kwanza amalize kazi za wateja. Wateja wakaisha, akasema mgongo unamuuma. Jumamosi ya kwanza ya Mugutha ikapita, ya pili ikapita. Calvince akapiga simu. "Madam, ukikosa hii ingine, ungoje class ya mwaka ujao."

Magdalene alifunua masinia akahesabu kwa macho. Kila kitu kilikuwepo, hata vile vipete viwili vidogo vinavyoishikilia pini ya pistoni isichomoke. Pini yenyewe haikuwepo.

"Baba, pini iko wapi?"

"Itakuwa ilianguka mahali."

Kinuthia, ambaye katika maisha yake hajapoteza hata nati! Pini nyingine za saizi ileile zilikuwa rafuni, ndani ya boksi, za kunyoosha mkono tu. Magdalene alizitazama, na alijua baba yake naye anamwona akizitazama. Alirudi chumbani akaketi kitandani, na akahisi hewa ya nyumba ile inamkaba. Alimchukia baba yake siku hiyo. Kisha akamsikia akiuliza jikoni, "Mami amekula?" na hata kule kuchukia akanyang'anywa.

Jumapili walikwenda kanisani. Wakati wa maombi Kinuthia alisimama, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti, na ndani ya mfuko vidole vilikuwa vinazungusha kitu. Kikapu cha sadaka kilipofika kwao, alitoa mkono na kuufungua. Katikati ya sarafu palikuwa na kichuma cha mviringo, laini, kinang'aa kuliko hela zote. Aliona. Akaona kwamba Magdalene ameona. Alifumba kiganja, akaurudisha mkono mfukoni, na kikapu kikapita bila sadaka ya Kinuthia kwa mara ya kwanza tangu anunue koti lile.

Rachael alibaki kanisani kwa mkutano wa kina mama. Wawili hawa walirudi kwa miguu. Walipofika, Kinuthia aliufunga mnyororo wa geti na kusimama kiwanjani kama mgeni asiyejua akae wapi. Masinia yalikuwa pale chini ya gunia.

Magdalene alijua maneno ya binti hayatafika. Binti angeambiwa ilianguka mahali. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Kinuthia hangeweza kumdanganya, naye alikuwa amezikwa, na mahali pake alikuwa amesimama yeye Magdalene, mwenye jina lake. Huku kwetu binti kumtaja baba yake kwa jina usoni ni kumtukana.

"Kinuthia," akasema.

Baba yake aligeuka upesi, upesi mno kwa mtu mwenye mgongo unaouma.

"Kinuthia, toa hiyo kitu iko kwa mfuko."

Uso wa mzee ulibadilika ukawa wa mtoto aliyekutwa na sukari. Alitoa mkono polepole. "Nilikuwa tu naichunga, Mami."

"Najua."

"Si ulianguka nikikubeba." Sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Ni mimi nilishika hiyo breki."

"Nilianguka. Ilikuwa mbwa, ilikuwa changarawe, na ilikuwa wewe, na nilianguka. Nani alikwambia nilikukasirikia?"

Kinuthia alilia amesimama, bila kufunika uso. Magdalene alimhurumia, lakini haikuwa huruma peke yake. Alikuwa na hasira. Ili aombe kutoka getini kwao, ilibidi aazime mdomo wa marehemu, na aliogopa kwamba ameuazima mara moja na hautamwachia tena, kwamba tangu leo hakuna binti katika boma hili, kuna nyanya wawili na mmoja bado anapumua.

"Nimechoka kukaa hapa ndani," akasema, na hakujua mwenyewe ni nani kati yao aliyesema. "Funga hiyo injini."

Kinuthia alivua koti, akavaa ovaroli juu ya suruali ya kanisani. Akaifunga injini mwenyewe, pini, vipete, silinda, kichwa, kila bolti kwa zamu yake, na Magdalene akimpa spana kabla hajaomba. Jua lilikuwa bado juu alipoikanyaga ikawaka. Wote wawili waliinamisha masikio. Hakukuwa na kasauti.

Magdalene alivaa helmeti. Kinuthia alienda getini, akafungua mnyororo, lakini akabaki ameushika, amesimama katikati ya njia.

"Mami," akaanza, akaliacha neno hapo. Alimtazama muda mrefu, kama anayelinganisha sura mbili, kisha akasogea kando na mabati yakafunguka.

"Magdalene," akasema. Lilitoka kwa shida, neno ambalo hakuna mwana anayeweza kumwambia mama yake. "Kwa changarawe tunashika breki gani?"

"Ya nyuma, Baba."

"Haya. Enda, na urudi."

Alitoka kwa gia ya kwanza. Akaweka ya pili, na kwa mazoea ya miaka mingi mwili wake ukaanza kulala upande kutafuta kona. Hakukuwa na ukuta. Barabara ya Mwiki ilikuwa mbele yake, ndefu na yenye mashimo, na mguu wake wa kushoto ulikaa juu ya gia, haujui la kufanya, mpaka ukakanyaga ya tatu.