Bakuli la Baba na Bastola Niliyoachiwa

Baba alikula peke yake. Kaka zangu wawili, waliozaliwa kabla ya vita vya Uganda, waliwahi kula naye sinia moja. Mimi, binti yake, nilizaliwa akiwa vitani. Aliporudi nilikuwa naanza kukaa, na mama anasema alinitazama kutoka mlangoni, akaomba maji, akaenda kukaa nje. Hakunibeba siku ile wala siku nyingine. Tangu hapo ugali wake wa mtama na mlenda ulipelekwa kando, kwenye bakuli lake la bati, na ole wake mtoto atakayesogea.

Ihanja kwetu watu wana midomo, jamani. Walisema mzee anajua kuhesabu miezi, mtoto yule si wake. Nilikua na maneno hayo, na mimi si mtu wa kusamehe upesi. Niliamua kwamba hanitaki, nami simtaki.

Alikufa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mashine za watu binafsi za kukamua alizeti zilipoanza kunguruma barabarani na kila mtu amevaa mitumba. Wiki moja kabla, nilimpelekea chakula. Akasogeza bakuli katikati ya mkeka, akasema, "Kaa, mama. Tule."

Miaka yote ile, ndiyo leo! Nikamjibu, "Nimeshiba, baba." Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Kaka zangu walirithi ng'ombe na shamba. Mimi niliachiwa kifurushi cha kitambaa cha kaki, ndani yake bastola. Nilicheka kwa hasira. Hata kaburini ananikejeli! Polisi walikuwa wametangaza wenye silaha za vita wazisalimishe, basi nikaenda kwa baba mdogo anisindikize, maana yeye na baba walipigana kikosi kimoja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Nilipofungua kifurushi hakukigusa. "Kumbe aliitunza. Hakukuambia ilikotoka?"

"Aniambie lini? Tulikuwa tunaongea?"

Akanieleza. Huko Uganda waliingia mji ambao watu wake walishakimbia. Baba akasikia kishindo ndani ya nyumba moja, akapiga risasi kupitia mlango. Nyuma ya mlango alikuwa mwanamke, amembeba mtoto mchanga mgongoni. Bastola hii ilikuwa juu ya meza, hakuna aliyekuwa ameishika. Mwanamke alikufa palepale. Mtoto, wa kike, alikuwa bado anapumua, na baba alizunguka naye kumtafuta mganga wa kikosi mpaka akamfia mikononi.

"Barua ya kuzaliwa kwako ilimkuta wiki hiyohiyo," baba mdogo akasema. "Tuliporudi nikamwambia aende kwa wazee wamtakase, kama anavyotakaswa aliyemwaga damu, ndipo ale na watu. Akakataa. Ukitakaswa lazima umtaje uliyemuua. Angemtajaje mtoto mchanga, na mama yako ananyonyesha? Akasema mikono yake haitashika mtoto tena."

Nikauliza kama alikufa hivyohivyo, hajatakaswa.

"Hapana. Alipoona ugonjwa umemzidi alikubali. Nilimpeleka mwenyewe, akasema yote mbele ya wazee, akalia sana, kaka yangu yule. Njiani kurudi akaniambia mtu wa kwanza kula naye atakuwa wewe, kisha atakueleza habari ya bastola." Akainua uso kunitazama. "Sikumwona tena akiwa mzima. Mlikula?"

Nilitaka kusema kweli. Mungu anajua nilitaka. Nikaviringisha bastola kwenye kitambaa chake.

"Tulikula," nikasema.

"Afadhali," akasema, huku akifuta macho kwa kiganja. Njia nzima hadi kituo cha polisi alikuwa akilirudia neno hilo, afadhali, afadhali, nami natembea nyuma yake nimebeba kifurushi.