Kitanda Kinacholegea Kila Mwezi

Ukiuliza Kariakoo nani bado anawamba vitanda vya kamba, utaelekezwa kwa Bi Kuruthumu, na anayekuelekeza atacheka kwanza. Si kwamba kazi yake mbovu. Ni mdomo. Akikukazia kitanda anakukazia na maneno, na kitanda kikishanyamaza yeye bado anaongea.

Kamba hanunui. Asubuhi hushuka bondeni Jangwani, kwenye mikindu iliyojiotea, akavuta majani machanga ya katikati huku miiba ikimchoma na yeye akiitukana kwa majina ya mawifi zake. Nyumbani huyachana, huyaanika, huyalowanisha tena yasikatike, kisha hubana ncha kwa dole gumba la mguu na kusokota kwa viganja. Vijana wa maduka ya Gerezani humtania, "Bi mkubwa, nailoni ipo, bei chee!" Naye huwajibu, "Nailoni inateleza kama nyinyi."

Kitanda alichokiwamba yeye hukaa mwaka mzima kabla ya kulegea. Isipokuwa cha Bwana Salem, muuza vitambaa aliyefiwa na mke. Hicho kililegea kila mwezi. Kila mwezi simu: "Bi Kuruthumu, kitanda kimeniangusha." Naye huenda, hukaza pale uani, huletewa kahawa na haluwa, na mazungumzo huvuka adhuhuri.

Mara ya kwanza alijilaumu, akidhani ukindu haukukauka vizuri. Mara ya pili aliinama chini ya mfumbati, ule mti wa ubavuni, akakuta fundo si lake. Yeye huficha ncha ndani. Hili lilifungwa juu juu, kitanzi kimechomoza, vile wenye maduka wanavyofunga mzigo wa khanga. Mwenye kitanda alikuwa akikilegeza mwenyewe! Bi Kuruthumu akameza kicheko, akakaza, akala haluwa, akanyamaza. Na kwa Bi Kuruthumu kunyamaza si jambo dogo. Lakini alikuwa mjane mwaka wa tisa sasa, na siku za kwenda kwa Salem alijikuta akipaka wanja. Alimpenda yule mwoga. Alichosubiri ni yeye aseme.

Miezi kumi na moja ikapita, hakusema. Kisha Rawan, binti yake Salem, akamnunulia baba yake kitanda cha springi, akampigia simu Bi Kuruthumu: "Kile cha kamba tunakigawa leo alasiri. Njoo uchukue kamba zako kama zina faida."

Kitanda kikiondoka, simu ndiyo basi, na yeye si mtu wa kwenda kupiga hodi kwa mwanamume bila sababu.

Alipofika, wabebaji walikuwa wameshasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu," Rawan alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Salem alisimama kando ya kitanda, macho kwenye ndara zake, akikohoa kikohozi kisicho na mafua. Rawan akaleta kisu ili kamba zikatwe, kazi iishe.

"Usikate," Bi Kuruthumu akamzuia. "Nimechomwa miiba kwa kamba hizi. Mwache baba yako afungue. Mkono wake umeshazoea."

Masikio ya Salem yaliiva kama pilipili. Akainama taratibu, akapapasa chini ya mfumbati, na bila hata kuangalia fundo likafunguka.

Rawan alijiziba mdomo, kicheko kikamponyoka kati ya vidole. "Baba! Kumbe ni wewe!"

"Nilikuwa natafuta la kusema," Salem alimwambia Bi Kuruthumu.

"Miezi kumi na moja?"

"Niliogopa. Ukinikataa, hata kukaza usingekuja tena."

Bi Kuruthumu alitaka kumcheka, akashindwa. Akamnyang'anya ncha ya kamba, akapiga magoti, akaanza kuivuta ikaze upya. Wabebaji akawafukuza kwa mkono.

"Mshenga aende kwa kaka yangu kabla ya Ijumaa," alisema kutoka chini ya kitanda. "Na hicho cha springi, Rawan, kalalieni wewe na mumeo. Mimi silali juu ya waya."